Kiti cha Tano

Aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita asihangaike. Lenah, mwalimu wa shule ya msingi pale Kitale, alikuwa akiishi katika nyumba iliyokauka maneno. Tangu wamzike mamake Jotham, mumewe huyo alikuwa akimsemesha kupitia watoto tu. "Nelima, mwambie mamako chai imepoa." "Matthew, uliza mamako shati yangu iko wapi." Lenah aliuliza kosa lake mpaka akachoka kuuliza.

Halafu siku moja ya Agosti mwaka wa 2006, shule zikiwa zimefungwa, Jotham aliegemea mlango wa jikoni na kumsemesha mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Mama Nelima, Jumapili usipike. Nataka twende hoteli, tukule sisi wote kama familia."

Mwiko ulimponyoka Lenah ukaanguka ndani ya sufuria.

Sasa sikieni yaliyofuata, kama alivyonieleza mwenyewe.

Kwanza jambo moja. Nelima hakutoka katika tumbo la Lenah, na hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote, hata kwa Nelima mwenyewe. Aliyemzaa ni Joan, mdogo wake Lenah, aliyechukuliwa na malaria mtoto akiwa hajaota jino. Lenah alimtoa kitandani siku hiyo hiyo, akamfunga mgongoni, na watu wakaanza kumwita Mama Nelima kabla hajamzaa mtoto wake mwenyewe, Matthew. Kila Desemba walikwenda Bungoma kung'oa nyasi kwenye kaburi la Joan. Kuhusu babake mtoto, Joan alikuwa ametaja jina moja tu, Kizito, kijana aliyetoweka mimba ilipoonekana. Lenah hakuwahi kumtia machoni.

Jumapili ikafika. Walitoka kanisani, Lenah akawapanga watoto kando ya barabara na kuwapa somo.

"Usinyooshe mkono mbele ya mtu. Usiongee na chakula mdomoni. Matthew, soda unashika kwa mikono miwili, unasikia?"

Alikuwa na sababu. Mara ya mwisho walipokula nje, Matthew alimwaga soda, Jotham akagonga meza kwa ngumi, na wote wakarudi nyumbani na njaa.

Leo Jotham alicheka. "Waachilie watoto, bana. Leo ni siku ya kufurahi."

Lenah alimtazama. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amepaka viatu rangi. Akajiambia kwamba Mungu husikia, ila hujibu akipata nafasi.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya mzee mmoja aitwaye Thuo, karibu na stendi lakini imegeuza mgongo kwa kelele. Weita, msichana mchangamfu aliyeitwa Chemutai, aliwapeleka moja kwa moja kwenye meza ya dirishani. Lenah akahesabu viti.

"Tuko wanne," akasema. "Hiki kimoja ni cha nani?"

"Kuna rafiki yangu anapitia," Jotham akajibu, macho yakiwa kwenye menyu. Menyu aliishika juu chini.

Rafiki akaja. Mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye mikono safi kama ya daktari. Alimsalimia Lenah kwa mikono yote miwili, akainama kama anayemsalimia mama mkwe.

"Mwite tu Chef," Jotham akasema haraka. "Alikuwa anapikia watu wa misaada huko Lokichoggio. Sasa anafungua hoteli yake Bungoma."

Lenah hakupenda. Hii ilikuwa siku yake, siku aliyoingojea tangu mazishi, na sasa kuna mgeni. Lakini yule mtu hakumpa nafasi ya kununa.

"Chemutai," Chef akaita, "letea hawa watoto samosa kabla ya kitu kingine chochote. Mtoto mwenye njaa hana adabu, na sio makosa yake. Ya menyu yatakuja nyuma."

Samosa zikaja. Matthew, ambaye alikuwa ameanza kupiga meza kwa kijiko, akatulia.

"Sasa," Chef akamwambia, "wewe ndiye mkubwa wa meza. Utaagiza mwenyewe. Ukikosea, utakula makosa yako."

Matthew, ambaye nyumbani alipewa na kuambiwa amalize, akakunja uso kama hakimu. Akaagiza kuku, chipsi, na ugali juu yake. Hakuna aliyemcheka. Chef alimuuliza kama anataka kachumbari kando au juu, naye akasema kando.

Chakula kilipokawia, Chef hakulalamika kama wanaume wengine. Aliwachukua watoto mpaka dirisha la jikoni wakaona mpishi akigeuza chapati, wakarudi wakibishana nani aliona moto mkubwa zaidi. Wakakaa, akawategea vitendawili. Anayeshindwa anatoa chipsi moja kwa aliyetega. Lenah naye akategewa, akashindwa, akanyang'anywa chipsi na mwanawe, akacheka mpaka akafunika mdomo.

Na kama ilivyoandikwa, Matthew akamwaga soda.

Ilitiririka mezani kuelekea suruali ya Jotham. Lenah aliona ngumi ya mumewe ikijikunja. Mtoto akaganda. Chef, bila hata kugeuza kichwa, akaigusa glasi yake ya maji kwa kiwiko, nayo ikaanguka.

"Hii meza ilikuwa na kiu," akasema. "Chemutai, tuletee kitambaa, tumekosa wawili."

Ngumi ya Jotham ikafunguka. Matthew akavuta pumzi. Lenah hakuwahi kujua kwamba jambo kama lile linaweza kupita hivi hivi, bila mtu kulia. Aliwaza, kumbe ni hivi. Kumbe watu huketi wakala, wakamaliza, na mtoto akatoka mezani anapenda wazazi wake zaidi ya alivyokuja.

Akamgeukia Jotham ili wacheke pamoja. Jotham hakuwa amekula. Paja lake la kuku lilikuwa zima.

"Huoni chakula ni kitamu?" akamuuliza.

"Nimeshiba," Jotham akasema.

Hapo Chemutai akaja na kitambaa. Akafuta meza, akajaza glasi, kisha akainama kwa Nelima na kusema kwa upole:

"Nelima, nikuletee ile yako ya machungwa, ama leo unabadilisha?"

Lenah alidhani amesikia vibaya.

"Umemjuaje jina?" akauliza.

"Huyu?" Chemutai akacheka. "Huyu ni mteja wetu. Si huwa anakuja Jumamosi na Baba, halafu Chef anawapata hapa? Hata hiki ndicho kiti chake."

Nelima aliinamisha kichwa. Chemutai akaona nyuso za watu wazima, akakumbuka kwamba ana kazi jikoni.

Jumamosi. Kila Jumamosi tangu Mei, Jotham alikuwa akitoka na Nelima. Kwaya ya kanisa, alisema. Na Lenah alikuwa akimsuka mtoto nywele Ijumaa jioni ili apendeze kwenye kwaya.

"Baba Nelima," Lenah akasema, "hii ni maneno gani?"

Jotham akatazama nje. Aliyejibu ni Chef, na alijibu akitabasamu, kama mtu anayetoa zawadi.

"Dada, usikasirike na mtoto. Tulikuwa tunazoeana pole pole, kama ulivyotaka. Mimi nilikuwa nangoja tu leo nikuone, nikushukuru. Watu wengi hawangekubali. Umekubali kwa moyo mweupe."

"Nimekubali nini?"

Tabasamu la Chef likabaki usoni likiwa halina kazi tena.

"Si... Jotham hakukuambia jina langu?"

"Ameniambia unaitwa Chef."

Yule mtu aliweka uma chini taratibu. Akamtazama Jotham, akamtazama Lenah, akawatazama watoto.

"Mimi ni Kizito," akasema. "Kizito wa Joan."

Lenah anasema hakusikia tena kelele za hoteli. Aliona midomo ikisogea. Aliona Matthew akichukua chipsi kwenye sahani ya babake, na babake akamruhusu.

"Nilikuwa kijana, nikaogopa," Kizito alikuwa akisema. "Nilirudi mwaka huu. Nikamtafuta Jotham, nikamwambia sitaki vita, nataka tu nijulikane kwa mtoto wangu. Ni yeye aliniambia wewe mwenyewe umesema mtoto arudi kwa damu yake. Nikasema huyo mama ni mtu wa Mungu. Leo ndio alisema nimchukue."

"Kumchukua wapi?"

"Bungoma. Kukaa na mimi. Begi yake iko kwa gari tangu jana."

Lenah aliinuka. Hakupiga kelele. Alimshika Nelima mkono na kusema, "Simama. Twende nyumbani."

Nelima hakusimama.

"Ni kwenda likizo tu, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Baba alisema wewe unajua. Alisema nikiongea nitaharibu sapraizi."

"Nimesema simama."

Na hapo mtoto aliyemlea kwa uji na kwa mgongo wake, mtoto aliyekuwa hajawahi kumkatalia hata kuchota maji, alivuta mkono wake.

"Nataka kwenda," Nelima akasema. "Huko hakuna kunyamaziana."

Pigo la Jotham Lenah angeweza kulibeba. Alikwisha kuyazoea mapigo ya Jotham. Hili la mtoto lilimrudisha kitini.

Kizito alikuwa wa kwanza kusema. "Hapana. Kama mama hajui, mimi sichukui mtu. Jotham, umenifanya mwizi mbele ya watoto."

"Wewe chukua mtoto wako uende," Jotham akasema akiuma meno. "Tumeshamaliza hii maneno. Hata mamake Lenah amekubali. Mpigie simu, Lenah. Mpigie mama yako umuulize."

Lenah alitoa simu kwenye mkoba. Vidole vilikosea namba, akaanza tena. Mama yake, mama Dinah, aliishi nje kidogo ya mji wa Bungoma. Simu ikalia mara moja tu ikapokelewa, kama iliyokuwa imeshikwa mkononi ikingojewa.

"Mama, unajua Kizito yuko hapa?"

Mama Dinah akajibu kwa swali, "Mmekula?"

"Mama, nakuuliza."

"Njoo nyumbani, Lenah. Haya maneno hayasemwi kwa simu. Mwache mtoto aje, na wewe uje."

Simu ikakatwa. Basi Lenah akajua kwamba katika meza yote, na katika ukoo wote, mtu pekee aliyekuwa mgeni siku ile ni yeye.

Wakaelewana hivi: Kizito atawapeleka Lenah na Nelima mpaka kwa mama Dinah, na neno la mwisho litasemwa huko. Lenah akamwambia Jotham aje pia.

"Mimi niko na kazi kesho asubuhi," Jotham akasema, akamshika Matthew begani. "Na huyu atachoka njiani."

"Unaogopa kwenda kwa mama?"

Jotham aliita bili. Matthew aliwapungia mkono akiwa na kipande cha kuku mdomoni, na kwake yeye ile ilikuwa bado siku nzuri kuliko zote.

Gari lilipita Kiminini, likapita Kamukuywa. Mahindi yalikuwa yamesimama pande zote mbili za barabara. Lenah aliketi nyuma na Nelima, kila mmoja dirishani kwake.

"Kwa nini hukuniambia?" hatimaye Lenah akauliza.

"Ungekataa."

"Nimekukosea nini, Nelima?"

Mtoto alifikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri kabla ya kujibu, tangu zamani. "Hujanikosea, mama. Lakini baba haniangalii. Akiniangalia anatoka nje. Chef ananiangalia nikiongea."

Kizito alikuwa anasikia huko mbele. Alizima redio, ingawa ilikuwa imeshushwa sana.

"Dada," akasema, "ukifika huko useme hapana, mimi narudi na nyinyi Kitale. Nitakuwa nakuja Jumamosi, na wewe ukiwa umeketi hapo. Sitaki kumtoa mtoto kwa mtu kama jino."

Lenah alitaka kumchukia. Ingekuwa rahisi zaidi. Lakini mtu aliyemwaga maji yake ili mtoto wa mwingine asichapwe, unamchukiaje?

Walipokaribia Bungoma njia ilijaa watu. Ulikuwa mwaka wa tohara, na kijana mmoja aliyepakwa unga mwilini alikuwa akiwatangulia jamaa zake, akigonganisha njuga na kucheza, anakwenda kuwaita wajomba. Nelima akatoa kichwa dirishani.

"Mama, naweza kuwaona?"

Kizito aliegesha gari langoni kwa mama Dinah. "Wewe ingia muongee," akamwambia Lenah. "Sisi tutasimama hapa barabarani tuwatazame, halafu tununue mkate na sukari ya nyanya, ya Kukhu, hapo dukani. Utatuona kutoka mlangoni. Hatuendi mbali."

Lenah akakubali, kwa sababu alitaka kuwa peke yake na mama yake.

Nyumba ilinukia kuku. Mama Dinah alikuwa ametandika kitambaa cha meza cha sikukuu, na chumba cha wageni kilikuwa wazi. Ndani yake Lenah aliona kitanda kidogo kimetandikwa shuka mpya yenye maua. Kitanda cha mtoto.

"Jotham yuko wapi?" lilikuwa swali la kwanza la mama yake.

"Amekataa kuja."

"Afadhali," mama Dinah akasema, akaketi.

Lenah hakuketi. "Mama, huyu mtoto uliniwekea mikononi wewe mwenyewe. Ukasema, Lenah, huyu sasa ni wako, Mungu amekurudishia dada yako. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Amelala njaa? Amekwenda shule bila viatu?"

"Hapana, mwanangu."

"Basi kwa nini unamtoa kwangu kwa mlango wa nyuma, kama mbuzi wa kuibwa? Na mume wa mtu unaongea naye, mimi mtoto wako huniambii?"

Mama Dinah akainuka, akaenda kuufunga mlango wa jikoni, ambao ulikuwa umefungwa tayari. Akarudi, akakunja kona ya kitambaa cha meza.

"Anakuwa mkubwa," akasema. "Sura inatoka."

"Sura gani?"

"Wakati mlimzika mama mkwe wako, ile picha yake ilikuwa juu ya jeneza. Picha ya usichana wake. Watu waliitazama, halafu wakamtazama Nelima. Mimi niliona wakitazama. Jotham pia aliona."

Lenah anasema alielewa pale pale, lakini akili yake ilisimama mlangoni ikakataa kuingia. Aliuliza swali la kijinga ili apate muda.

"Nelima atafananaje na mama ya Jotham? Wao si damu moja."

Mama yake akamwacha afike mwenyewe.

Nje njuga zilikuwa zikilia, na watu wakiitikia wimbo.

"Ulikuwa umeenda chuo cha ualimu," mama Dinah akasema. "Mimi ndiye nilimtuma Joan akushikie nyumba. Mimi. Nilisema mwanaume asiachwe peke yake, atazoea kula nje. Joan aliniambia hapa, kwa hiki chumba, akiwa na homa yake ya mwisho. Jotham akaja akapiga magoti pale ulipo wewe. Akalia. Akasema ni shetani."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia anyamaze."

"Mama."

"Nilikuwa nimezika mtoto mmoja, Lenah. Ningeharibu nyumba ya yule aliyebaki? Nikasema mtoto alelewe na wewe. Atakuwa na mama, na baba atakuwa babake kweli, na hakuna mtu atajua. Sikuona ubaya. Sikuona mpaka nilipoona ile picha."

Miezi yote ile Lenah alikuwa akitafuta kosa lake. Alikuwa amebadilisha mapishi, alikuwa amenunua leso mpya, alikuwa amefunga na kuomba. Na mumewe alikuwa akikwepa tu uso wa mtoto uliokuwa ukimsema kila asubuhi kwenye meza ya chai.

"Na Kizito?" akauliza. "Kizito aliingiaje?"

"Kizito alimpenda Joan. Walikuwa wanaonekana pamoja. Joan alipoulizwa, jina lake ndilo lilikuwa karibu."

"Kwa hiyo hajui."

"Hajui. Na ni mtu mzuri, Lenah. Hana mtoto mwingine. Atamlea vizuri, wewe utakuja kumwona wakati unataka, Jotham ataanza kuongea na wewe tena, na hakuna mtu ataumia."

"Hakuna mtu ataumia," Lenah akarudia.

Anasema alicheka. Hakutaka kucheka, kicheko kilitoka tu. Alimwona Kizito akiwa Lokichoggio miaka yote ile, akipika na kujilaumu kwa mtoto ambaye hakumtupa, kwa sababu hakuwahi kuwa wake. Walimtwisha mzigo, na aliporudi kuomba msamaha, wakamkabidhi mzigo wenyewe, umefungwa kwa shuka mpya. Wamemwibia kama walivyomwibia yeye. Tofauti ni kwamba Kizito aliibiwa akiwa anashukuru.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Nelima aliingia akirusha mabega kama yule kijana wa njuga, akicheka, mkate kwapani. Lenah alimtazama, na kwa mara ya kwanza akaliona lile paji la uso la mamake Jotham. Lilikuwa pale siku zote. Alikuwa amelipaka mafuta kila asubuhi.

Kizito aliingia nyuma yake, akavua kofia. "Kukhu, habari ya hapa." Akampa mama Dinah sukari kwa mikono miwili. Akabaki amesimama.

"Mmeongea?" akauliza.

"Tumeongea," mama Dinah akasema haraka. "Lenah amekubali. Keti ule."

Lakini Kizito alikuwa amejifunza siku ile kutokubali neno la kuambiwa. Akamgeukia Lenah.

"Wewe mwenyewe, dada. Kesho wajomba wangu wanakuja kumwona mtoto. Wazee wale wamechinja. Nataka nikiwaambia huyu ni wangu, nisiwe na deni kwa mtu. Kama unanipa, nipe kwa mdomo wako. Kama kuna sababu nisimpate, pia niambie. Sitapigana."

Mama Dinah alimtazama Lenah, akatikisa kichwa kidogo, mara moja, vile alivyokuwa akimtikisia utotoni wageni wakiwepo na nyama ikibaki moja.

Simu ikaanza kuita ndani ya mkoba. Lenah hakuhitaji kuitoa. Jotham, ambaye hakuwahi kumpigia hata akichelewa, alikuwa anapiga. Ikaita, ikanyamaza, ikaanza tena.

Akiwa kimya, anampoteza mtoto, na mtu mwema anaishi katika uongo mpaka kaburini. Akisema, ndoa yake inaisha palepale, Joan anachafuka ndani ya kaburi lake, na Nelima, ambaye alitaka tu mtu wa kumtazama akiongea, atakuwa amempoteza wa kwanza aliyempata.

"Kizito," Lenah akasema, "keti chini kwanza."

Mama Dinah akafunika uso kwa leso. Kizito akaketi, pole pole, kofia mikononi.

"Nelima, mama, nenda nje ukatazame njuga kidogo."

Nelima aliacha kucheka. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, nyanya yake, Chef, mama yake, na akafikiri kabla ya kujibu, kama kawaida yake. Kisha akaweka mkate mezani, akarudi mlangoni, akaufunga kwa ndani na kuuegemea kwa mgongo.

"Siendi," akasema. "Kama ni mimi mnagawana, nitasikia."